Mzigo Ulioachwa Busia

Jua lilikuwa likitua upande wa Busitema, na taa za kwanza za maduka ya Busia zikianza kuwaka, tulipoliona begi lile. Lilikuwa begi la turubai la kawaida kabisa, rangi yake ya kijani imekwisha pauka, nalo limeegemezwa ukutani nyuma ya benchi la mama mmoja mwuza chai na chapati, mahali ambapo magari ya abiria yatokayo Tororo huteremsha watu wake. Hatukulitazama kwa sababu ya uzuri wake. Tulilitazama kwa kuwa mama mwenyewe alikuwa akilitupia jicho kila baada ya dakika chache, kama mtu aliyebandika maziwa motoni akachelea yasije yakafura na kumwagika.

Tulipomwuliza kulikoni, alitujibu kwamba mwenye begi ni kijana aliyeshuka garini saa tisa alasiri, akaomba limkalie hapo kwa nusu saa, huku yeye akienda kubadilisha fedha na kutafuta tiketi ya basi la kwenda Kisumu. Wakati tukizungumza naye ilikuwa saa kumi na mbili na nusu.

Mama huyo si mgeni wa kazi hiyo. Kila aachaye mzigo kwake hupewa kipande cha katoni chenye namba. Katoni huandikwa namba hiyo mara mbili, kisha hupasuliwa katikati. Nusu moja hufungwa kwa kamba kwenye mzigo, na nusu ya pili huenda na mwenyewe. Tuliona kwamba hupasua kwa mkono, ijapokuwa mkasi ulikuwa papo hapo mezani, tukamwuliza sababu.

"Nikikata kwa mkasi, wanangu," alisema, "mtu mwingine naye ana mkasi wake. Lakini mpasuko wa mkono haufanani na mwingine. Akija nacho, naviweka pamoja, navitazama kama vinaoana."

Tumeona yafaa kulieleza jambo hili katika ukurasa huu kwa kuwa wasomaji wetu, askari wa jeshi na wa polisi, wanahusika na mizigo ya safari kwa njia mbili. Wao ni wasafiri, pengine kuliko raia wengine wote: leo mtu yuko Tororo, kesho amehamishiwa Arua, keshokutwa anapelekwa masomoni ng'ambo, au anakwenda kulinda amani Somalia kama askari wa Uganda walivyokuwa wakifanya tangu Machi 2007, na maisha yake yote yamo ndani ya sanduku moja. Tena wao ndio waitwao mbio pale sanduku la mtu mwingine linapoonekana halina mwenyewe. Askari huyo huyo aliyeacha begi lake dukani asubuhi bila ya stakabadhi, jioni huenda akaitwa kulizingira begi la mwenziwe.

Busia ni mji mmoja wenye serikali mbili. Hadi mwaka 1902 nchi hii yote, hata kufika karibu na Naivasha, ilihesabiwa kuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Mwaka huo Waingereza walilihamishia jimbo hilo upande wa pili, katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya, na Wasamia na Wateso wakajikuta wana mashangazi ng'ambo ya mpaka. Mashangazi hutembelewa, na atembeleaye hachukui mikono mitupu. Kwa hiyo tangu siku zile mpaka huu umekuwa ni mpaka wa watu wenye mizigo.

Hata jina la boda boda, ambalo leo lajulikana Afrika Mashariki nzima, asili yake ni mizigo ya hapa. Katika miaka ya 1960, kati ya kituo cha Uganda na kituo cha Kenya palikuwa na mwendo wa zaidi ya nusu maili ambao mabasi hayakuupita, na abiria aliyeteremshwa upande mmoja alipaswa kufika upande wa pili kwa miguu, sanduku kichwani. Vijana wenye baiskeli waliliona hilo, wakafunga mito juu ya vibebeo vyao vya nyuma, wakawa wanamwita msafiri kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka: boda, boda! Mpaka kwa mpaka. Baadaye waliongezeka walemavu wenye baiskeli zao za magurudumu matatu, ambao hadi leo huonekana Busia wakisukuma shehena ambazo mtu mwenye miguu yake miwili angezikimbia.

Tarehe 24 Februari 2018 Rais Yoweri Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walikizindua rasmi kituo cha pamoja cha huduma mpakani hapo Busia. Tangu hapo, atokaye Uganda hapangi tena foleni mbili. Hupita moja kwa moja hadi jengo lililo upande wa Kenya, na humo maofisa wa nchi zote mbili huketi pamoja, mmoja akimtoa na mwenzake akimpokea. Naye aingiaye Uganda hufanyiwa vivyo hivyo katika jengo la upande wa Uganda. Ni mpango mwema, nao umewapunguzia watu saa nyingi za kungoja. Lakini una jambo moja ambalo msafiri mwenye haraka hulisahau. Yule aliyeacha begi lake dukani upande wa Uganda, kisha akavuka na kugongewa mihuri yake, ameliacha begi lile katika nchi nyingine. Kulirudia si suala la kuvuka barabara tena. Ni safari ya kigeni, na hurudishwa kwenye foleni kama mgeni.

Tororo, mwendo mfupi kutoka hapo, ilikuwa na desturi yake mintarafu ya mizigo, nayo ilikuwa desturi ya reli. Njia ya reli kutoka Kenya inapofika Tororo hugawanyika: moja huelekea Jinja na kuvuka Nile hadi Kampala, ambako ilifika mwaka 1931, nyingine hushika njia ya Mbale na Soroti, na hatimaye ilifikishwa Lira, Gulu na Pakwach. Kwa hiyo askari aliyetoka likizo Nairobi akirejea kikosini kaskazini alibadilisha gari moshi papo hapo, chini ya lile jiwe kubwa la Tororo, na ilimbidi kungoja. Mzigo uliokabidhiwa reli ulipewa stakabadhi, na bila ya stakabadhi mzigo haukutoka, hata kama karani alikuwa shemeji yako. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilivunjika pamoja na Jumuiya ya kwanza mwaka 1977, na magari moshi ya abiria ya njia hizo yamekwisha toweka. Abiria wamehamia kwenye mabasi na matatu. Stakabadhi haikuhama nao. Imebaki kwa watu wachache kama mama wa Busia, nao wameitengeneza upya kwa katoni.

Na mtu asidhani kwamba mambo haya ni ya vibanda vya chai tu. Yanayofanyika kwenye benchi la mama huyu ndiyo yafanyikayo, kwa mashine na kompyuta, katika viwanja vikubwa vya ndege ambako ndugu zetu wengi hupitia wanapokwenda kozi za nchi za nje.

Kanuni ya kawaida ni hii. Abiria mwenye tiketi moja, anayebadilisha ndege njiani na kuendelea kabla ya saa 24 kutimia, huhesabiwa kuwa anapita tu, na sanduku lake aghalabu huandikiwa kufika mwisho wa safari. Akikaa zaidi ya saa 24, au akiwa na tiketi mbili zilizokatwa mbalimbali, mara nyingi hupaswa kulichukua sanduku lake mwenyewe na kulikabidhi upya. Tena ziko nchi, Marekani ikiwa mojawapo, ambazo humlazimisha abiria achukue mzigo wake kwenye kiwanja cha kwanza cha kuingilia, hata kama safari yake inaendelea. Jambo la busara ni kumwuliza karani wa ndege palepale mizani inapopimwa: sanduku hili nitalionea wapi? Kisha, jibu lolote utakalopewa, usome kibandiko. Kila kiwanja kina herufi zake tatu. Entebbe ni EBB, Nairobi ni NBO, Addis Ababa ni ADD. Ikiwa unakwenda ng'ambo kupitia Addis Ababa na kibandiko chako hakina herufi nyingine zaidi ya ADD, basi sanduku lako litaishia Addis Ababa, ingawa wewe utaendelea.

Kibandiko hicho kina namba ya tarakimu 10, na kipande chake kidogo hupewa abiria. Wengi hukitupa ndani ya ndege pamoja na karatasi za peremende. Hicho ndicho kipande cha katoni cha mama wa Busia, na asiye nacho atapata taabu kubwa kueleza kwamba sanduku jeusi lililopotea ni lake, maana nusu ya masanduku ya dunia hii ni meusi. Tangu Juni 2018 mashirika ya ndege yaliyo katika shirikisho lao la IATA yametakiwa kuuandika mzigo katika hatua nne: unapopokewa, unapopakiwa, unapohamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine, na unaporudishwa kwa mwenyewe. Mama yetu anazo hatua mbili tu, kupokea na kurudisha, lakini hizo mbili hazirukwi.

Askari mwenye saa 10 au 12 za kungoja njiani huona uchovu wa kukokota begi la mkononi huku na huku, akatamani kutoka aone mji. Viwanja vingi vikubwa vina chumba cha kuhifadhi mizigo kwa malipo, na hapana ubaya kukitumia, maadamu mtu ajue alipaswa kutoa nini kabla ya kulikabidhi begi. Pasipoti, amri ya safari, kitambulisho cha kazi, fedha na dawa havilali katika chumba cha mizigo. Hulala mwilini mwa mtu. Tena lazima aulize saa ya kufunga. Ndege iondokayo saa kumi alfajiri haimsubiri mhifadhi afungue saa moja asubuhi. Tena ajue kwamba sheria imlindayo katika sanduku alilokabidhi kwa shirika la ndege siyo imlindayo katika chumba hicho. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao Kenya na Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizouridhia, shirika la ndege huwajibika kwa mzigo uliokabidhiwa kwake wakati ukiwa mikononi mwake: aliyeharibiwa mzigo hulalamika kwa maandishi katika siku 7, aliyecheleweshewa katika siku 21, na mzigo usiofika katika siku 21 huweza kuhesabiwa kuwa umepotea. Chumba cha kuhifadhi mizigo kina masharti yake yenyewe, nayo huandikwa nyuma ya stakabadhi kwa herufi ndogo mno, ambazo hatujapata kumwona mtu akizisoma.

Sasa yatupasa kueleza kwa nini viwanja vya ndege vimekuwa vikali namna hii juu ya begi lisilo na mwenyewe, kwani askari kijana, aliyezaliwa baada ya mambo hayo, huenda akadhani kwamba ni kero tu ya makarani.

Tarehe 29 Desemba 1975, katika kiwanja cha LaGuardia mjini New York, bomu lilifichwa katika makabati ambayo abiria waliweka mizigo yao kwa kutumbukiza sarafu na kuondoka na ufunguo. Kabati haliulizi jina la mtu wala halisemi naye. Bomu lililipuka jioni watu wakichukua masanduku yao, wakafa watu 11, na zaidi ya 70 wakajeruhiwa. Hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa kosa hilo.

Miezi 6 baadaye ikaja zamu yetu. Ndege ya Ufaransa, safari namba 139, iliondoka Tel Aviv tarehe 27 Juni 1976 kwenda Paris, ikatua Athens kuchukua abiria wengine. Miongoni mwa waliopanda hapo walikuwamo wanne, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wakiwa na bunduki na mabomu ya mkono katika mizigo yao ya mkononi, na mizigo hiyo haikukaguliwa kama ilivyopasa. Ndege ilitekwa mara baada ya kuruka, ikapelekwa Benghazi, na alfajiri ya tarehe 28 ikatua Entebbe. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai makomando wa Israeli walishuka Entebbe. Wateka nyara waliuawa, mateka kadhaa walikufa, kiongozi wa makomando hao alikufa, na pamoja nao walikufa askari wengi wa Uganda waliokuwa zamu usiku ule.

Tuyatazame hayo kwa utulivu, bila ya kuingia katika siasa za wakati ule. Askari aliyekufa Entebbe huenda hakupata kufika Athens katika maisha yake. Hakujua kwamba kulikuwa na meza ya ukaguzi huko, wala kwamba mtu fulani aliyekuwa nyuma ya meza hiyo aliliacha begi lipite. Baada ya wiki moja akalipa yeye. Na hata hapa Busia na Malaba malipo yalifika, kwa sababu ndege za Israeli zilikuwa zimepitia Nairobi kujaza mafuta, na uhusiano wa Uganda na Kenya ukaharibika vibaya. Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda waliuawa, usafirishaji wa mafuta kuja Uganda ukazorota, na biashara ya mpaka huu ikadumaa majuma kadhaa. Mwuza chapati wa Busia wa mwaka 1976 alikosa wateja kwa ajili ya begi lililopita Athens.

Yaliyofuata yalikuwa ya mizigo isiyo na watu. Tarehe 22 Juni 1985 masanduku mawili yalikabidhiwa huko Vancouver, Kanada, yaende kwa ndege mbili mbalimbali, na hakuna aliyepanda nayo. Moja lililipuka katika kiwanja cha Narita, Japani, wakati likihamishwa kutoka ndege moja kwenda nyingine, likawaua wapakizi wawili. La pili, muda usiotimia saa moja baadaye, liliivunja ndege ya India angani karibu na Ireland, wakafa watu wote 329. Tarehe 21 Desemba 1988 ikawa ndege ya Marekani juu ya mji wa Lockerbie, Uskochi; walikufa 270, na kati yao 11 walikuwa majumbani mwao chini. Mahakama iliamua mwaka 2001 kwamba sanduku lenye bomu lilisafiri peke yake kutoka Malta, likapita Frankfurt, likaingizwa katika ndege hiyo London. Viwanja vitatu, na hakuna hata kimoja kilichouliza kwa uzito unaostahili: mwenyewe yuko wapi?

Ndiyo maana leo ndege hucheleweshwa, na abiria 200 wakanung'unika, ili sanduku la mtu mmoja aliyepotelea dukani litafutwe tumboni mwa ndege na kuteremshwa.

Mabasi yetu hayakusalimika. Tarehe 1 Machi 1975 bomu lililipuka ndani ya basi mjini Nairobi, likaua zaidi ya watu 20. Tarehe 20 Desemba 2010, mjini humo humo, mzigo ulilipuka abiria walipokuwa wakijiandaa kupanda basi la kuja Kampala. Lau mzigo ule ungepakiwa, basi hilo lingefika mpakani usiku, likasimama na kuteremsha watu wake kupanga foleni, kama mabasi yote ya njia hii yafanyavyo.

Kati ya hayo yote, liko tukio moja ambalo twapenda kila askari polisi alikumbuke, kwa sababu ndani yake begi lilitendewa ipasavyo. Baada ya milipuko ya tarehe 11 Julai 2010 mjini Kampala, ambayo iliwaua zaidi ya watu 70 waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, mfuko wa kubebea kompyuta ulikutwa umetelekezwa katika ukumbi wa dansi huko Makindye. Ndani yake kulikuwa na bomu ambalo halikulipuka, pamoja na simu. Mfuko ule haukupigwa teke, haukupekuliwa na kila mpita njia, wala simu haikuishia mfukoni mwa mtu. Kwa kuifuatilia simu hiyo wapelelezi waliwafikia watuhumiwa, ambao baadhi yao walihukumiwa mwaka 2016. Laiti mtu wa kwanza kuuona angeufungua kwa pupa, pengine asingebaki wa kusimulia wala cha kufuatilia.

Turudi kwenye benchi la mama.

Saa moja kasorobo alimwita askari polisi aliyekuwa akipita, konstebo wa kike, kijana bado, koti lake la mvua likining'inia begani. Kufikia hapo watu walikwisha jaa, na kila mmoja alikuwa na shauri lake. Mwendesha boda boda mmoja alishauri lifunguliwe tu, kwani mwenyewe amekwisha kulitupa. Mwingine akasema litupwe mtaroni. Wa tatu, ambaye tulimwona ana haraka kuliko wote, alinyoosha mguu ili alisukume aone uzito wake.

"Simamisha mguu wako, ndugu," konstebo alisema, wala hakupaza sauti.

Aliwasogeza watu hadi ng'ambo ya barabara, mama naye akiwamo, na birika lake akaliacha motoni. Hakuligusa begi. Aliuliza maswali manne tu, nayo aliyaandika: nani alilileta, saa ngapi, alisema anakwenda wapi, na nani mwingine amekwisha kuligusa. Mama aliyajibu yote bila ya kusita, akataja shati la kijana, akataja na namba ya katoni, saba. Tulifahamu hapo faida ya katoni ile, kwani begi lisilo na chochote ni begi la kutisha, bali begi lenye namba saba ni begi la mtu ambaye mahali fulani ana saba yake. Konstebo aliarifu kituoni kwa simu, kisha akamtuma mwendesha boda boda mmoja kwa wakata tiketi za mabasi, aulize habari za kijana mwenye shati la mistari na kipande cha katoni.

Yatupasa kusema kwamba tumepata kuona jambo kama hili likifanywa vingine, mahali tusipopataja: askari akamkaripia mwenye duka kwa kupokea mzigo wa mtu, akatishia kumfunga, na tangu siku hiyo mwenye duka akikuta mzigo umeachwa mlangoni huusukuma kimya kimya mbele ya duka la jirani. Mwenye duka akiogopa askari kuliko anavyoliogopa begi, hatapiga simu. Mama wa Busia alimwita afande kwa hiari yake, kwa kuwa alijua kwamba hatatukanwa.

Kijana alikuja saa moja na dakika chache, anatweta, jasho limemlowesha. Maelezo yake yalikuwa mafupi na ya kusikitisha. Wakata tiketi walimwambia basi lake linapakia upande wa Kenya. Akavuka, akapanga foleni, akagongewa mihuri, akalipia kiti, na alipotaka kurudi mbio kuchukua begi akakumbushwa kwamba amekwisha kutoka Uganda. Akalazimika kupanga foleni nyingine ya kuingia. Simu yake ilikuwa imezima. Tena alikuwa askari wa jeshi aliye likizoni, na ruhusa yake ya likizo alikuwa nayo mfukoni. Kikosi chake hatukitaji.

Konstebo alikichukua kipande chake, akamwomba mama akilinganishe. Mama alikwenda mwenyewe hadi kwenye begi, akainama, akaviweka pamoja vipande viwili chini ya taa, akatikisa kichwa kukubali. Vilioana.

"Ndani mna nini?" konstebo akauliza.

"Mashati mawili, afande, suruali, viatu, na dawa za presha za baba yetu aliye kwa dada yangu Kisumu."

"Na nini tena?"

Kijana alikaa kimya kidogo. Kisha akasema kwamba mna kifurushi pia. Jirani wa rafiki yake kambini, alipopata habari kwamba anakwenda Kisumu, alimpa kifurushi ampelekee ndugu yake, ambaye angekuja kukipokea kituo cha mabasi. Kilichomo hakukijua. Hakuuliza, kwa kuwa aliona haya kumwuliza mtu mzima.

Pale ng'ambo ya barabara watu walikuwa wamenyamaza. Mtu huyu alikuwa amefundishwa kutumia silaha, amefundishwa kukagua gari na nyumba, na pengine amewahi kusimama lindoni akipekua mikoba ya raia usiku kucha. Hata hivyo alikuwa amelibeba begi hilo kutoka kambini hadi mpakani bila ya kujua kilicho ndani. Hatumcheki. Wangapi kati yetu hatujapewa kifurushi cha shangazi wa mtu?

Konstebo alimwambia alifungue begi mwenyewe, taratibu, atoe kimoja kimoja. Mashati yalitoka, viatu vikatoka, dawa zikatoka. Kifurushi kilitoka mwisho, kimefungwa kwa gazeti na kamba ya katani. Na lilikuwa gazeti la watu wengine, si hili letu. Kilipofunguliwa, ndani mlikuwa na nguo za mtoto mchanga, kofia mbili za kufuma, na kitambaa cheupe. Mtu mmoja ng'ambo ya barabara alicheka kwa sauti kubwa mno, kama afanyavyo mtu aliyekuwa akiogopa.

Konstebo hakucheka. Aliandika katika kitabu chake jina la kijana na saa, akaarifu kituoni kwamba mwenyewe amepatikana, akampa mkono mama, akaenda zake na koti lake begani. Kijana alivikunja vitu vyake na kuvirudisha begini, nguo za mtoto akazifunga upya, safari hii akizipanga kwa uangalifu mkubwa. Kutoka upande wa Kenya ilisikika honi ya basi, mara mbili. Alisimama, akalitazama jengo la mpakani na watu waliokuwa wakingoja hapo, kisha akaketi tena kwenye benchi na kuagiza chai.

Mama alimmiminia. Halafu alivichukua vile vipande viwili vya katoni, namba saba na namba saba, akavitia motoni chini ya birika.